Timu ya Uji

Tumbo la baba mkwe wangu lilikuwa linavimba, na katika wodi nzima ilionekana ni mimi tu ninayeliona. Si kwamba nililitazama. Mkwe hakai akakodolea macho tumbo la baba mkwe wake. Nilitazama shuka. Jana yake lilikuwa limelala bapa kutoka kifuani mpaka magotini, asubuhi ile lilikuwa na mwinuko katikati, kama mtu kaficha bakuli chini yake. Kamba ya suruali yake ya kulalia, ambayo nesi aliifunga vizuri, ilikuwa imelegezwa na ncha zake zinaning'inia. Halafu kulikuwa na kwikwi. Kila ilipomjia aliigeuza ikawa kicheko, akatafuta mtu wa kumtania.

Baba mkwe ni kinyozi. Ameanza kunyoa watu kabla mume wangu hajazaliwa, na kazi hiyo imemfanya ashindwe kukaa na mtu bila kumfurahisha. Mteja akijitazama kwenye kioo akatabasamu, yeye siku yake imekamilika. Alipoanza kukonda na kuona damu chooni hakumwambia mtu, mpaka siku mashine ilipomponyoka mkononi, akakaa kwenye kiti cha wateja na kushindwa kuinuka. Vipimo vikaonyesha saratani kwenye utumbo mpana. Mume wangu yuko machimboni, mbali, na ruhusa hapewi ovyo. Mama mkwe alishatangulia. Wifi yangu ananyonyesha mtoto mchanga. Basi wa kukaa hospitali nikawa mimi.

Daktari wa upasuaji ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, anayetembea haraka hadi madaktari wadogo wanamfuata kwa kukimbia. Lakini siku ya kutueleza alivuta kiti akakaa. Alisema tangu zamani mtu akikatwa utumbo ukaunganishwa, hapewi kitu mdomoni mpaka atoe hewa kwa chini, maana hewa ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Lakini kungoja huko kunamaliza watu, na wengi wanaofika kwake wamebaki mifupa tayari. Kwa hiyo alikuwa anafanya utafiti. Wagonjwa wengine wangojee hewa kama zamani, wengine wapewe uji mwepesi na maziwa kuanzia kesho yake ya upasuaji, halafu aangalie kidonda cha nani kinafunga vizuri, nani anapata nguvu, nani anarudi kwake mapema. Nani anaingia kundi gani hachagui yeye wala mgonjwa. Ni kama kura, imo ndani ya bahasha.

Nesi alipofungua bahasha yetu akasema, "Uji," baba mkwe alirusha mkono juu kama mtu aliyefunga bao.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande. Kitanda cha mkabala alilala dereva wa malori, mzee wa mabega mapana, naye alikatwa utumbo siku moja na baba mkwe. Bahasha yake ilisema angoje. Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, baba mkwe aliponyanyuliwa akaletewa uji, yule dereva aliufuata kwa macho tangu mlangoni.

"We Kinyozi," akamwambia, "huo uji unaunywa au unaunyoa?"

"Nakunywea na wewe, maskini. Nikupepee harufu?"

"Pepea tu. Siku honi yangu ikilia, nitakula mpaka godoro."

Wodi ikacheka, wenye mishono wakajishika matumbo. Kufika jioni kulikuwa na Timu ya Uji na Timu ya Kungoja, na hata wagonjwa wasiohusika na utafiti walikuwa wamegawana pande. Sisi wauguzaji tukikutana kwenye bomba la maji tulikuwa tunaulizana, timu yenu leo vipi. Kwetu baba mkwe alikuwa nahodha. Aliyekohoa vibaya upande wa kungoja alizomewa. Aliyetembea hadi dirishani upande wa uji alipigiwa makofi. Daktari akiingia, wote walinyooka kimya kama watoto wa shule, kwa hiyo yeye hakujua lolote.

Siku ya kwanza uji ulikwenda vizuri. Siku ya pili alianza kunituma. Kila alipomaliza kula aliniomba maji ya moto, au nikamtazamie kama mvua inakuja, au nikamuulize nesi kitu ambacho alikuwa ameshamuuliza. Nikirudi nilimkuta anajifuta mdomo, na taulo lake dogo amelikunja likawa donge chini ya mto. Taulo hilo nilikuwa nalifua mimi. Sihitaji kueleza zaidi. Harufu ya uji uliorudi naijua, nimelea watoto.

Lakini siku ya tatu daktari mdogo alipopita na kumuuliza amekula kiasi gani, alijibu bakuli zima. Umetapika? "Nitapike nini, kitu kitamu hivi?" Hewa je, imetoka? Hapo alinitupia jicho, akashusha sauti kidogo, akasema imetoka, tena bila shida. Dereva akaguna. Timu ya Uji ikapiga makofi ya chinichini.

Haikutoka. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda kile tangu alfajiri, na kama kuna mtu ambaye angejua, ni mimi. Lakini hebu fikiria. Baba mkwe anasema mbele ya madaktari kwamba amepitisha hewa, halafu mkwe wake anyanyuke aseme hapana, hakupitisha. Kinywa changu hakikuweza kulibeba neno hilo. Niliinuka, nikakaa. Nikakunja shuka lililokunjwa tayari. Nikaenda hadi mwisho wa korido, nikarudi, nikaenda tena, mpaka msafishaji akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mchana nilijaribu kwa njia ya pembeni. Nikamwambia, baba, uji huu kama ni mzito wanaweza kuusimamisha kwanza, daktari alisema ukikataa si kosa. Mzee akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hajawahi kunisimulia. Alisema kaka yake mkubwa alipasuliwa tumbo zamani, akafungwa mdomo kungoja hewa, na hewa ikachelewa. Yeye ndiye aliyemuuguza. Kaka yake alikuwa anaangalia glasi ya maji ya mgonjwa wa jirani, anaiangalia kutwa, haombi tena, na akafa bado anaiangalia.

"Huyu daktari anataka kuondoa mambo hayo," akasema. "Sasa sisi tukimwangusha, mwanangu, watarudi kufunga watu midomo. Ametuamini. Mimi siwezi kuwa mtu wa kumharibia."

Kwikwi ikamkata. Akafumba macho, akangoja ipite, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Nilipata shida zaidi baada ya kusikia hivyo. Kabla yake nilidhani ni ubishi wa wanaume na mpira wao. Sasa niliona anatapikia taulo kwa ajili ya kaka yake.

Nikampigia mume wangu. Mtandao wa machimboni unakatika, kwa hiyo ilibidi niyaseme mambo hayo kwa sauti, nimesimama karibu na geti, watu wanapita. Akasema nisimwaibishe baba mbele za watu, nitafute nesi, nimwambie faragha. Nikatafuta nesi. Alinisikiliza huku anajaza dripu, akaja, akamuuliza baba mkwe kwa upole kama tumbo linamsumbua. Mzee akamwambia linamsumbua kwa njaa. Akamwambia pia kwamba mkwe wake hajalala vizuri tangu waje, masikini, anaona vitu, kama kuna kitanda kitupu wamlaze na yeye. Nesi akacheka. Akaligusa tumbo juu ya shuka, kwa vidole viwili, mara moja, akaitwa upande mwingine akaenda. Alikuwa peke yake na wodi nzima. Simlaumu.

Jioni daktari mdogo akaleta habari njema. Kinyozi anakula, anatembea, hewa imetoka, maumivu anayamudu kwa vidonge tu. Kesho asubuhi daktari mkubwa akipita atamruhusu. Angekuwa wa kwanza wa Timu ya Uji kurudi nyumbani. Wodi ikalipuka kwa makofi, hata dereva akapiga, ingawa alipiga kama mtu anayeua mbu.

Mimi nilifungasha vitu. Nikavifungua, nikavifungasha upya. Nyumbani kwetu kufika hospitali ni safari, si mahali pa kusema mtu akizidiwa tunamkimbiza. Nilimtazama mzee akiwa amelala. Alikuwa anapumua kwa juu juu, kifuani tu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu kilicholala chini yake.

Asubuhi daktari alikuja na msafara wake. Alikuwa na furaha, hata mimi niliiona. Alimsifu baba mkwe, akawaambia wale wadogo wamtazame huyu, alifika hapa hawezi kupanda ngazi. Akamuuliza maswali yale yale, naye akajibu majibu yale yale, kwa sauti ya nahodha. Umetapika? Hapana, daktari. Hewa? Tele. Daktari mdogo akaandika. Daktari mkubwa akageuka aende kitanda cha pili.

"Daktari," nikasema. "Anatapika."

Nilisema polepole, lakini wodi ilikuwa imenyamaza kwa sababu yake, kwa hiyo kila mtu alisikia. Baba mkwe akacheka. Akasema mkwe wangu amechoka, daktari, msamehe. Nikahisi masikio yanawaka. Nilitazama sakafu, nikaendelea kusema na sakafu: anatapikia taulo kila akila, tangu juzi. Tumbo limejaa. Na hewa hiyo, nikasema, haijatoka.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nadhani watacheka.

Baba mkwe hakunijibu mimi. Alimwambia daktari, kwa heshima zote, kwamba mtoto wa watu hawezi kujua mambo ya mwili wa mzee. Daktari alirudi. Hakuuliza tena. Alifunua shuka mwenyewe, mimi nikageukia ukuta, na nilichosikia ni vidole vyake vikigonga tumbo lile, na tumbo likaitika kama ndoo tupu. Kisha baba mkwe akaguna, mguno mdogo, wa kweli.

"Kwa nini hukuniambia?" daktari akauliza.

"Sikutaka tushindwe."

"Mshindwe na nani?"

Akatazama upande wa dereva. Dereva akavuta shuka hadi kidevuni. Ilibidi nesi aeleze, akajikwaajikwaa: kuna timu, daktari, wanaziita hivi na hivi, ni utani tu wa wagonjwa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Sikumwona akikasirika. Alikaa kwenye kitanda, pembeni ya miguu ya baba mkwe, kama siku ile ya kwanza.

"Mzee wangu," akasema, "mimi sina timu. Uji ukikushinda, nataka kujua umekushinda. Ukinificha, mwakani nitamlisha mwingine kama wewe, nitamuua, na nitasema nilifanya utafiti."



"Na mimi nilikuwa nayapenda majibu yako," akaongeza. "Ningekugusa tumbo jana."

Wakamsimamishia uji. Wakampitisha mpira puani hadi tumboni, na maji ya kijani yakatoka, yakajaza mfuko, wakaleta mfuko mwingine. Wakampeleka kwenye picha kuangalia kama pale palipounganishwa pamepasuka, kwa sababu kama pamepasuka ni kurudi chumba cha upasuaji, na mtu aliyekonda hivyo akirudishwa mara ya pili hujui utampokea vipi. Nilingoja nje ya mlango wenye taa nyekundu. Nilijaribu kusali nikashindwa kukumbuka inafuata nini. Picha ilionyesha muungo umeshika. Utumbo ulikuwa umelala tu, daktari akasema, umegoma, na ulikuwa unajazwa juu yake. Wangempa maji ya mshipani, wangemtembeza, wangengoja. Angekuwa amekwenda nyumbani, matapishi yangeweza kumwingia kwenye mapafu.

Nikamuuliza daktari sasa baba yuko kundi gani. Akasema lile lile la uji, atahesabiwa humo humo na matatizo yake yote. Kisha akaniuliza mimi nina swali jingine. Nilikuwa nalo, lakini lilihusu kile kipande kilichokatwa, kilichopelekwa maabara kutazamwa kama ugonjwa umesambaa. Alisema majibu bado. Nikasema basi sina.

Baba mkwe aliacha kusema na mimi. Nikimwita alifumba macho. Alichohitaji alimwomba nesi, hata kama mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Wifi akaja na mtoto mgongoni, akanivuta pembeni, akaniambia nimemwanika baba yao kama nguo, mbele ya watu waliokuwa wanamheshimu. Yeye angetafuta namna. Nikamuuliza namna gani. Akasema namna tu, mtu mwenye adabu hakosi namna. Nilitaka kumjibu, nikaona mtoto wake ananitazama, nikarudi wodini.

Wodi nayo ikapoa. Dereva honi yake ililia wakati huo, akaanza kunywa uji wake, na hakuna aliyeshangilia. Alikunywa amegeukia ukuta.

Daktari aliagiza baba mkwe atembee. Mpira puani, dripu kwenye chuma chenye magurudumu, yeye mbele anakisukuma, mimi nyuma nimeshika mfuko. Hatukusemezana. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Tulikwenda hadi mwisho wa korido, tukageuka, tukarudi, watu wakitupisha. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Kesho yake tena. Mimi nilihesabu milango, kisha nikaacha kuhesabu. Nilikuwa nawaza kwamba nikirudi nyumbani huenda sitaingia tena kwenye duka lake la kunyolea kumpelekea chakula, kama nilivyokuwa nafanya, na kwamba mume wangu atakuwa katikati yetu miaka yote. Nilikuwa nawaza pia, huu utumbo usipoamka?

Siku iliyofuata, katikati ya korido, mbele ya mlango wa dawa, alisimama ghafla. Akaweka mkono ukutani. Nikadhani anaanguka, nikamkaribia.

"Umesikia?" akauliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu asubuhi ile. Nyuma yetu mhudumu alikuwa anasukuma toroli la vyombo, masufuria yanagongana. Sikuwa nimesikia kitu.

"Sijasikia, baba."

"Imetoka. Kidogo, lakini imetoka. Mwambie daktari umesikia."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mpira ule umembana pua, na nilijua alichokuwa anakiomba. Yeye hangeaminiwa tena. Angesema imetoka, wangemtazama, kisha wangenitazama mimi. Na alikuwa na kiu. Midomo ilikuwa imepasuka. Ningesema tu ndiyo, yangekwisha yote, angesema na mimi, wifi angesema na mimi.

"Sijasikia," nikasema.

Alinikazia macho. Macho ya mzee mwenye hasira ni magumu kuyavumilia, lakini sikuyahamisha yangu, na sijui nilipata wapi huo uso mkavu. Toroli likapita. Mlango wa dawa ukafunguka, ukafungwa. Halafu kitu kikaanza kumtetemesha mabega, nikafikiri ni kwikwi imerudi. Alikuwa anacheka. Alicheka huku ameshika mshono, anaumia, anajizuia, anacheka tena.

"Mtoto huyu," akauambia ukuta, "mwanangu kamtoa wapi mtoto huyu."

Akashika chuma chake. "Haya. Twende tena."

Tukaenda tena. Safari hii hakutangulia, alinisubiri, tukawa sambamba, na gurudumu linalia. Alikuwa ananisemesha sasa, kwa kunong'ona, kana kwamba tunawinda. Taratibu hapa. Simama kidogo. Hapana, bado. Watu waliokuja kuona wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wakatutazama mzee na binti wanavyokwenda wakisimama, wanavyotega masikio. Tulifika mwisho, tukageuka. Tulifika mwanzo, tukageuka. Mimi nilikuwa nimeishiwa na aibu kabisa, imenitoka njiani sijui wapi, nilichotaka ni korido inyamaze.

Ilinyamaza karibu na dirisha la mwisho. Na mimi nikasikia, na mama mmoja kwenye benchi akasikia, akatazama juu kwenye dari kwa adabu.

"Hiyo," nikasema, "nimesikia."

Baba mkwe aliegemea dirisha. Hakurusha mkono juu. Alikuwa anapumua, safari hii pumzi ilimfika mpaka chini, niliiona ikishuka.

"Basi nenda," akasema. "Kamwambie daktari. Mwambie wewe."

Nikamkalisha kwenye benchi, nikamkabidhi mfuko wake aushike mwenyewe, nikaenda. Nilikwenda mbio nikipita milango ile, naliandaa neno lenyewe mdomoni, neno ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu mzima. Daktari alikuwa amesimama kwenye meza ya manesi na karatasi mkononi, na kabla sijafungua kinywa aliinua kichwa akasema ni vizuri nimekuja, majibu ya kipande yamefika.

"Kwanza langu," nikamwambia.